Imeandikwa, haijaandikwa, au haijulikani?

Tulikuwa tunapitia faili la .h (lile linaloorodhesha fankisheni) la maktaba ndogo ya lugha ya C, skrini moja, mstari kwa mstari, tukafika kwenye ile fankisheni ambayo kila maktaba ya kuongea na seva ya kuhifadhi data lazima iwe nayo kwa jina moja au lingine:

`int hifadhi_weka(struct hifadhi *h, const char *ufunguo, const void *data, size_t urefu);`

Inarudisha 0 ikifanikiwa, -1 ikishindwa. Hakuna aliyekuwa na neno. Tunataka kwenda mstari unaofuata, mwenzetu mmoja akauliza tu: "Hiyo -1, maana yake data haijaandikwa, au hatujui kama imeandikwa?"

Kimya.

Mmoja akasema haijaandikwa, si imeshindwa. Mwingine akasema inategemea. Tukaendelea maana kulikuwa na mambo mengine ya kumaliza, ila hilo swali limenikaa kichwani wiki kadhaa sasa, naandika kitu kingine kabisa linarudi, na kadiri ninavyozidi kusoma jinsi maktaba kubwa kubwa zinavyolijibu ndo naona kwamba tatizo haliko kwenye seva wala kwenye mtandao, liko kwenye ile `int`. Tumezoea majibu mawili na ukweli una matatu.

## Tuanzie chini kabisa

Ukiita `write()` au `send()` kwenye soketi ya TCP ikakurudishia 4096, moyoni unasoma hivi: seva imepata baiti 4096. Hapana aisee. Kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ya mashine yako mwenyewe imenakili baiti 4096 kwenye bafa yake (memori ya kusubiria), basi, hakuna zaidi. Seva inaweza kuwa imezimika muda mrefu tu na bado utapewa 4096 yako bila shida yoyote. Kosa litakuja kwenye mwito unaofuata, au ule wa baada yake, ECONNRESET au EPIPE (makosa ya muunganisho uliokatika), na hiyo EPIPE inakuja na ishara ya SIGPIPE, kama hujaizuia kwa MSG_NOSIGNAL wala hujaipuuza basi programu nzima inakufa papo hapo bila hata kuacha mstari kwenye logi.

Na hapo ni pale seva ilipokufa kwa adabu. Kama waya umechomoka tu katikati, Linux itaendelea kurudia kutuma zile paketi. Kikomo cha kurudia, `tcp_retries2`, kwa kawaida ni 15, na nyaraka za kerneli zenyewe zinasema hiyo ni sekunde 924.6 kwa uchache, yaani zaidi ya robo saa kabla hujaambiwa kwamba kuna tatizo. Unaweza kupunguza kwa TCP_USER_TIMEOUT, ipo kwenye Linux tangu 2.6.37, ila sijaona watu wengi wakiitumia.

Kuna hali mbaya kuliko hiyo. Ombi lako lote limefika, TCP ya upande wa pili imekiri kupokea, halafu ndo umeme ukakatika kule. Sasa huna baiti yoyote inayosubiri kukiriwa, wewe uko ndani ya `recv()` unangoja jibu. TCP haina sababu ya kutuma chochote kwa hiyo haitagundua chochote. Keepalive (paketi za kuuliza kama upande wa pili bado upo) huwa imezimwa mpaka uiwashe mwenyewe, na ukishaiwasha bado Linux inasubiri sekunde 7200 za ukimya kabla ya kutuma ya kwanza.

Saa mbili.

Ndo maana kila mtu anajiwekea muda wake wa mwisho, SO_RCVTIMEO au `poll()` ya sekunde kadhaa, na yuko sahihi. Lakini muda ukiisha umejua nini? Umejua kwamba umechoka kusubiri. Kuhusu data hujajua chochote.

## Sehemu tatu za kukatikia

Ombi linaweza kupotea likienda. Linaweza kufika, seva ikafa kabla haijaligusa. Au seva ikaligusa, ikaandika, ikatuma jibu zuri kabisa la mafanikio, na jibu ndo likapotea likirudi. Ukiwa upande wa klayenti zote tatu zina sura moja, na usidhani ukiandika programu kwa ustadi zaidi utazitofautisha. Akkoyunlu, Ekanadham na Huber walishaonyesha mwaka 1975 kwamba haiwezekani, na mwaka 1978 Jim Gray akalipa tatizo sura ambayo wengi tunaijua, ya majenerali wawili wanaotumiana wajumbe kupitia bonde lenye maadui: hata ukituma mjumbe wa kukiri mjumbe wa kukiri, yule wa mwisho kutuma hatakuwa na uhakika.

Sasa mtu akishasoma hayo anasema sawa, nadharia. Anarudi kwenye faili lake la .h anaandika `return -1;`.

## Hiredis ilikuwa nalo jibu

Hapa ndo nilishangaa kidogo. Hiredis, ile maktaba ya C ya kuongea na Redis (hifadhidata ya kwenye memori), fankisheni yake kuu ni `redisCommand()`. Inarudisha pointa ya `redisReply`. Ukiitazama vizuri inakupa karibu majibu yote matatu. Pointa ikiwa NULL, maana yake hakuna jibu lililosomeka, nenda katazame `c->err` na `c->errstr`. Pointa ikiwepo na `type` yake ni REDIS_REPLY_ERROR, maana yake seva imekujibu, na imekataa. Vinginevyo imekubali.

Hapana, haijulikani, ndiyo. Yote yamo. (Karibu yote, NULL nayo inaweza kuwa memori imekwisha hata kabla ya kutuma, hapo una uhakika haijaandikwa. Na skripti ya Lua (programu fupi inayoendeshwa ndani ya Redis) inaweza kufia katikati ikiwa imeshaandika nusu, Redis hairudishi nyuma, kwa hiyo hiyo "hapana" nayo ina madoa.)

Halafu unafungua programu inayoitumia, na karibu kila mara unakuta huu mstari:

`if (!r || r->type == REDIS_REPLY_ERROR) goto kosa;`

Mstari mmoja, na tofauti yote imepotea. Maktaba ilibeba habari mpaka mlangoni, aliyeandika tabaka la juu akaitupa kwa sababu tabaka lake lina 0 na -1 tu. Simlaumu sana. Anayemwita naye anataka 0 na -1, na anayemwita huyo naye vivyo hivyo.

Kuna jambo lingine la hiredis ambalo nadhani watu wanalifuata bila kujua sababu yake. Ukipata NULL, ile `redisContext` haitumiki tena, unaifunga unaunganisha upya. Wengine wanaona ni usumbufu, muda umeisha tu, kwani soketi si bado ipo? Ebu fikiria. Kwenye itifaki ya kawaida ya Redis majibu hayana namba, yanarudi kwa mpangilio uleule wa maombi. Umeomba GET ya mtumiaji wa kwanza, muda ukaisha, `errstr` inakuambia "Resource temporarily unavailable", yale maneno ya EAGAIN, ambayo kwa kweli yanashawishi kabisa kujaribu tena. Ungeng'ang'ania soketi ileile ukaomba GET ya mtumiaji wa pili, jibu la kwanza lililochelewa lingekuwa ndo linafika sasa hivi. Ungelisoma. Lingekuwa jibu halali, lenye umbo sahihi, la mtu mwingine. Na kuanzia hapo kila jibu limepishana kwa hatua moja hadi utakapokata muunganisho.

Mi naogopa hilo kuliko programu kukrashi.

## Postgres wana namba yake kabisa

Kwenye libpq, maktaba ya C ya hifadhidata ya Postgres, nilitegemea mambo yawe safi zaidi maana huko kuna transaksheni (mabadiliko yanayokubaliwa yote au kukataliwa yote). Ila COMMIT, amri ya kukamilisha transaksheni, ni ombi kama maombi mengine. Ukituma COMMIT kwa `PQexec()` na muunganisho ukafa kabla ya jibu, unapata matokeo yenye PGRES_FATAL_ERROR, hali ileile unayopata seva ikikukatalia kwa sababu umevunja sharti la jedwali. Tofauti ipo ila lazima uichimbe: ukiomba PG_DIAG_SQLSTATE kwa `PQresultErrorField()`, kosa lililotoka kwa seva lina herufi zake tano, kosa lililotengenezwa na libpq yenyewe upande wako halina, unapata NULL.

Halafu nikakuta kwenye orodha ya namba za makosa ya SQL kuna 08007. Jina lake ni transaction_resolution_unknown. Yaani kuna watu walikaa kwenye kamati wakakubaliana kwamba "haijulikani" ni jibu halali linalostahili namba yake. Nilifurahi kama mtu aliyepata ndugu.

Na tangu toleo la 10, mwaka 2017, Postgres ina `txid_status()`. Kabla ya COMMIT unachukua namba ya transaksheni yako kwa `txid_current()`, unaiweka pembeni upande wako, na muunganisho ukifa unarudi na muunganisho mpya unauliza: ile namba yangu iliishia wapi? Seva inakujibu imekamilika, imefutwa, au bado inaendelea. Hii ndo ilinibadilisha mawazo. Mpaka hapo nilikuwa nafikiri jibu la tatu ni la kubuni upande wa klayenti tu, namba nyingine kwenye enum (orodha ya majibu yenye majina), mambo yameisha. Kumbe ukisema "haijulikani" bila kumpa mtu njia ya kwenda kuuliza, umemwachia mzigo tu.

## Na hiyo "ndiyo" nayo

Tuseme jibu limefika, na ni ndiyo. Ndiyo gani?

NFS, mfumo wa kutumia mafaili kupitia mtandao, toleo la 2 seva ilitakiwa kuweka data kwenye diski kabisa ndo ijibu. Ilikuwa mwaminifu na ilikuwa polepole. Toleo la 3, RFC 1813 ya mwaka 1995, likaleta kuandika kwa UNSTABLE: seva inasema nimepokea, iko kwenye memori, ukitaka uhakika njoo baadaye na COMMIT. Na hapa kuna kitu kidogo ambacho nakipenda mno. Kila jibu la WRITE linakuja na baiti 8 zinazoitwa verifier, mara nyingi zinatokana na muda ambao seva iliwashwa. COMMIT nayo inarudisha baiti 8. Zikifanana, data yako iko salama. Zikitofautiana, seva ilizimika ikawaka hapo katikati, na klayenti anatakiwa kutuma upya kila alichokuwa ameandika bila uhakika. Baiti 8 tu, hakuna haja ya seva kukumbuka chochote kuhusu wewe, na uongo wote unafichuka.

Kwenye Ceph nao, mfumo wa kuhifadhi data kwenye mashine nyingi, maktaba yake ni librados, `rados_aio_create_completion()` ilikuwa inapokea kolibeki (fankisheni za kuitwa kazi ikiisha) mbili: moja ya complete, data imefika kwenye memori ya nakala zote, nyingine ya safe, imekaa kwenye diski. Baadaye wakaachana na utofauti huo, ikaja `rados_aio_create_completion2()` yenye kolibeki moja tu. Sijui kama nisikitike au la. Ndiyo mbili zilikuwa ngumu kutumia, ila zilikuwa zinakulazimisha ufikirie.

Redis ukiiwashia AOF (logi yake ya kwenye diski), appendfsync ya kawaida ni everysec, yaani kusukuma diskini kila sekunde, kwa hiyo "OK" yake ina dirisha la kama sekunde moja ambalo data inaweza kupotea na wewe umeshaambiwa OK. Wengi wanalijua hilo, tupite.

Ila kisa cha fsync, mwito wa kulazimisha data iende diskini, lazima nikiseme. Mwaka 2018 watu wa Postgres waligundua kwamba kwenye Linux, `fsync()` ikishindwa, kurasa zilizoshindwa kuandikwa zinaweza kuwekewa alama kwamba ni safi, kosa linatolewa mara moja, na ukiita `fsync()` tena inarudisha 0. Sifuri! Data haipo kwenye diski na jibu ni mafanikio. Kwa hiyo ile busara ya "imeshindwa, jaribu tena" ndo ilikuwa inaficha kosa. Mwanzoni mwa 2019 wakabadilisha: fsync ya faili la data ikishindwa, seva nzima inajiangusha kwa PANIC na kujenga upya kutoka WAL (logi yake ya mabadiliko), labda uwashe `data_sync_retry` mwenyewe kwa hiari yako.

Hapo ndipo nilipoacha kuamini kujaribu tena kama suluhisho la kila kitu.

## "Si ujaribu tena tu"

Kila nikimweleza mtu hili jambo ndo jibu la kwanza ninalopata. Na kwa SET ni kweli, kuweka thamani ileile mara mbili hakudhuru, ilimradi hakuna mwingine aliyeandika hapo katikati, ambalo ni ilimradi kubwa sana. Kwa INCR, ya kuongeza moja, umeshaharibu hesabu. Hata kufuta, ambako kunaonekana hakuna hatari: klayenti wa NFS anatuma REMOVE, seva inafuta faili, jibu linapotea, klayenti anatuma tena, seva inasema ENOENT, faili halipo. Faili limefutwa na wewe ndo umelifuta na umeambiwa umeshindwa. Kwa miaka mingi seva za NFS zimekuwa zikiweka kashe ya maombi yaliyojirudia ili kupunguza hili, na NFSv4.1 mwaka 2010 wakaamua kuliweka ndani ya itifaki yenyewe, klayenti anakuwa na seshen, slot na namba ya mfuatano, ombi likirudi na namba ileile seva inatoa jibu lile la zamani badala ya kufanya kazi upya.

Wazo langu lililofuata lilikuwa: basi nisome. Muda umeisha, naunganisha upya, nasoma ule ufunguo, nione kama thamani yangu ipo. Nililibeba hili wazo siku kadhaa nikiliona zuri. Halafu nikakumbuka kwamba kufunga soketi yangu hakufuti baiti ambazo seva ilishazipokea. Zinaweza kuwa zimekaa kwenye bafa ya kule zikisubiri zamu. Nasoma, naambiwa haipo, namwambia mtumiaji haikuandikwa, na sekunde moja baadaye inaandikwa.

Kwa hiyo kusoma hakutoshi. Inabidi swali lenyewe lifunge mlango.

## Faili la .h lilipofikia sasa

Nimependekeza hivi, na bado tunabishana. Kila ombi la kuandika linapewa kitambulisho cha baiti 16 kinachotengenezwa upande wa klayenti, kabla ya kutuma. Fankisheni inarudisha enum: HIFADHI_IMEANDIKWA, HIFADHI_HAIJAANDIKWA, HIFADHI_HAIJULIKANI. Na kuna fankisheni ya pili, `hifadhi_uliza()`, unaipa kile kitambulisho. Seva ikiwa inakijua inakuambia kilichotokea. Ikiwa haikijui, inakiandika papo hapo kama kimefutwa, ndo inajibu "haijaandikwa", ili lile ombi lililochelewa likija linakuta limeshakataliwa. Hapo jibu la kuuliza linakuwa la kweli na linabaki kuwa la kweli.

Tatizo, seva lazima ikumbuke vitambulisho, na lazima ivikumbuke kwa uimara uleule wa data, la sivyo ikizimika ikawaka imesahau ahadi zake. Kwa muda gani? Mwenzangu anasema saa moja, mi nasema swali hilo halina namba nzuri, akanijibu kwamba faili la usanidi linahitaji namba hata kama sio nzuri. Ana haki yake.

Ubishi mkubwa zaidi ni kama maktaba ijaribu tena yenyewe ndani kwa ndani. Upande mmoja unasema mtumiaji asisumbuliwe. Mi nimekataa, kwa sababu kujaribu kunakula muda, na anayejua kama mtu anamsubiri upande wa pili ni yule aliyeita, sio maktaba. Tumekubaliana nusu: ndani tunajaribu kuunganisha tu, kabla ombi halijatoka hata baiti moja. Likishatoka, hatugusi.

Na `hifadhi_funga()` tumeibadilisha kutoka void ikawa inarudisha jibu, maana hata `close()` ya faili la NFS inaweza kukuletea EIO (kosa la kusoma au kuandika) au EDQUOT (nafasi uliyopewa imejaa) ya kitu ulichodhani kiliandikwa zamani. Hapa hakuna aliyebisha, ila hakuna anayeamini kwamba watu watasoma jibu la kufunga. Kwa hiyo zote tatu zimewekewa `__attribute__((warn_unused_result))`. Ukipuuza jibu kompaila inalalamika, na kwenye GCC hata ukiandika `(void)` mbele yake bado inalalamika. Clang inanyamaza. Mmoja wetu ameshauliza kama tunaweza kulazimisha GCC.